Mkono wa Pole

Nimechoka kuulizwa niliambukizwa wapi. Wauguzi waliniuliza, majirani zangu hapa Garsen waliniuliza, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua buibui lake aliniuliza akiwa amesimama nje ya mlango, kana kwamba korona bado inamsubiri ndani, ilhali nilikuwa nimepona miezi miwili nyuma. Najua vizuri niliambukizwa wapi. Nilijipeleka mwenyewe.

Miaka mitatu kabla ya hapo, ndugu yangu mdogo alinipa figo lake. Mimi ni fundi cherehani, yeye analima mahindi na ndizi kando ya mto kule Wenje. Tulilazwa pamoja Nairobi, yeye akatoka na kovu ubavuni, mimi nikatoka na mfuko wa vidonge. Vidonge hivyo kazi yake ni kuutuliza mwili usilishambulie figo la mtu mwingine. Ubaya wake, vinaulaza ulinzi wote, kwa hivyo kila ugonjwa unaopita unaingia bila kubisha hodi. Hata chanjo ya korona, daktari aliniambia nidungwe, lakini nisiitegemee kama wanavyoitegemea wengine. Basi nikajifungia. Wateja nilikuwa nawapa tepu wajipime wenyewe, na kwa kuwa kila mtu hujipima anavyojipenda, nilishona magauni ya kubana mpaka nikaona aibu.

Kisha mama akafa kule Wenje, nikaenda. Ni uzee tu, alijilaza baada ya adhuhuri na hakuamka tena.

Kwetu, binti mkubwa hukaa mkekani karibu na mlango wa mama yake, na kila mwanamke anayekuja matangani humpa mkono, humvuta kifuani, ndipo hulia. Ukificha mikono, aliyekuja hujua una kinyongo naye. Ndugu yangu alilijua hilo, na bado aliniwekea kiti cha plastiki nje, peke yangu, akaweka mtungi wa maji na sabuni njiani, akawa anawaambia wanawake mmoja mmoja, "Mpeni dada pole kwa mdomo. Msimguse, tafadhali." Mwanamume mzima kazi yake matangani ikawa kuchunga mikono ya wanawake. Nilimwonea huruma.

Asubuhi ya kwanza walimsikia. Walisimama mbali, wakasema makiwa, wakaingia ndani kulia na wenzao. Mimi nikabaki kwenye kiti changu nikisikia watu wakimlilia mama yangu bila mimi. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Halafu akafika shangazi yetu na mkongojo wake, yule aliyemshika mama mgongo siku niliyozaliwa. Ndugu yangu akamzuia kwa adabu. Shangazi akanitazama juu mpaka chini, kisha akamuuliza yeye, wala si mimi, "Figo walimpa, mikono wakamnyang'anya?"

Wanawake wakacheka chini chini. Nikasimama.

"Dada, kaa," ndugu yangu akasema.

"Niache bwana. Mama hafi mara mbili."

Niliingia, nikakaa mkekani, nikavua barakoa kwa sababu ilikuwa imelowa machozi. Nilipewa mikono siku tatu, mpaka hitima ikasomwa. Sitasema uongo, siku zile zilinipoza moyo.

Siku ya tano baada ya kurudi Garsen homa ikanishika, na kipimo kikasema ni korona. Daktari wangu wa figo alinieleza kwa simu, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya msiba. Nikiendelea na vidonge vyote, korona itaniua. Nikiviacha, mwili utaliua figo. Akasimamisha kimoja, kingine akakipunguza. Nikapelekwa Malindi nikawekewa oksijeni, na kila asubuhi nilikuwa siulizi habari ya mapafu, nauliza habari ya mkojo. Ulikuwa ukipungua. Mapafu yalipona. Figo halikurudi.

Sasa nasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nikirudi nyumbani siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, nalala tu, na nguo za watu zinanitazama.

Ndugu yangu naye aliugua, akakohoa siku nne, akarudi shambani. Mwezi mzima akipiga simu namwambia niko salama. Nilimdanganya kwa sababu sikuwa na mdomo wa kumwambia. Siku moja akatokea dukani na mkungu wa ndizi begani, akauona mrija wa kusafishia damu shingoni mwangu. Alikuwa ameuona mrija kama huo zamani, kabla ya Nairobi, kwa hivyo hakuniuliza ni wa nini. Aliuweka mkungu chini, akakaa kwenye benchi la wateja.

Nikamwambia yote. Nikamwambia nimelipoteza figo lake kwa kuona haya mbele ya shangazi, na kwamba yeye alinionya nikamfokea. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nilitaka anigombeze.

"Ningeweza kukuzuia," akasema. "Nilikuona unalia peke yako kwenye kile kiti, nikashindwa."

Nikamwuliza kama amekula, akasema amekula. Kisha, akitazama sakafu, akaniambia alikuwa ameshasikia habari zangu wiki tatu nyuma kutoka kwa jirani, na akaenda zahanati kuuliza kama figo lake la pili nalo linaweza kutolewa nipewe mimi.

"Walicheka," akasema. "Wakadhani nafanya mzaha."