Yule Jirani wa Hando

Wiki iliyopita binti yangu alinitumia picha za harusi ya rafiki yake huko Kilifi. Wasichana wote waliomsindikiza bibi harusi wamevaa hando, sketi zetu za asili, lakini za kukodi, kiunoni zimetiwa mpira kama sketi za shule. Akaniuliza kama nimezipenda. Nikamwambia wamependeza, kisha nikaiweka simu kando. Roho iliniuma, na sababu yake nitakwambia wewe, maana yeye sijawahi kumwambia.

Nyanya aliyenilea kule Ganda alivaa hando tangu usichana wake, na yake haikuwa ya mpira. Ilikuwa kitambaa cheupe chenye marinda, tabaka juu ya tabaka, kimefungwa kwa kamba nyongani hadi mwili wote unapanuka. Akitembea ilisema cha, cha, cha, nami jikoni nikichochea moto wa mihogo nilijua amerudi kutoka kisimani. Jumamosi aliifua, na kazi yangu ilikuwa kuyapanga marinda moja moja kabla hayajakauka. Vidole vikichoka nilinung'unika, naye alinipa korosho za kuchoma ninyamaze. Hando ile ilinukia mafuta ya mbono aliyojipaka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa silali mpaka niiegemee.

Nilipofika darasa la sita nikaanza kujiona. Sare niliibana kiunoni, soksi nikazikunja kama wasichana wa Malindi mjini. Siku ya wazazi nyanya akaja na hando yake, peke yake kati ya magauni. Wenzangu wakacheka. Mwalimu wetu akaniuliza taratibu yule mama ni nani wangu.

"Ni jirani yetu," nikasema.

Nyanya alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alinibebea madaftari mpaka nyumbani, na jioni akanipakulia chakula kama kawaida. Afadhali angenichapa.

Mwaka uliofuata, siku ya wazazi ilipokaribia, akaniomba twende sokoni nimchagulie gauni. Hapo ndipo ningemwangukia miguuni nimwombe radhi. Mimi nikachagua la buluu lenye kola, tena kwa furaha. Mtoto gani yule, jamani?

Ndani ya gauni lile nyanya alipungua. Nyonga hazikuonekana, mikono haikujua ikae wapi, na alitembea kimya kabisa. Nilimpeleka hadi mbele ya mwalimu, nikasema kwa sauti, wenzangu wote wasikie, kwamba huyu ndiye nyanya yangu. Mwalimu akamwamkia shikamoo, asimtambue. Kisha akanigeukia, kwa wema tu.

"Na yule jirani yenu wa hando, mwaka huu hakuja?"

Nyanya akainyoosha kola yake, akajibu yeye.

"Yule hatakuja tena, mwalimu."

Na kweli hakuja. Nyanya alivaa magauni mpaka tukamzika, na radhi sikumwomba hata siku moja.