Kinyozi na Ukurasa wa Mwisho

Kinyozi wa mtaa wetu alijifunza fasihi kwa mapovu. Alinunua kwa muuza karatasi kuukuu kamusi nene ya maneno ya fasihi na sanaa, akawa anachana ukurasa mmoja kwa kila mteja, wa kufutia wembe. Kabla ya kuuchana aliusoma. Hakuruka wala hakuchungulia mbele. Kusoma ukurasa ambao hujaunyolea mtu, alisema, ni kuvuna shamba usilolilima.

Basi maneno yakamwingia kwa mpango wa alfabeti. Alipokuwa kwenye D alizungumzia dhamira tu, hata akinunua mkaa. Alipofika M, mteja akikaa kitini aliambiwa, "Ndevu zako zina maudhui mazito, kaka, ila fani imelegea." Watu walikwenda nyumbani kujitazama upya, wamenuna.

Msidhani alikuwa na wazimu. Alikuwa na mapenzi, na hayo mawili ni majirani. Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa akimjibu kwa kikohozi. Mama huyo alikwisha kuapa mbele ya wateja wake: "Siolewi tena na mwanamume asiyejua kusema." Kinyozi alimsikia kupitia ukutani. Akaamua hamposi mpaka amalize kamusi, maana utaanzaje hadithi na mwanamke, na hujui hadithi humalizwa vipi?

Uvumilivu ulimshinda mara moja tu, akiwa kwenye T. Alisimama mlangoni kwa fundi, akalitazama gauni lililoning'inia.

"Gauni hili lina taharuki," alisema, "hasa hapa kwenye zipu."

"Zipu imekwama, jirani. Nishikie hapo nivute."

Akashika. Vidole vyao vikagusana, na kinyozi akarudi kazini, akamkwaruza sikio tarishi aliyekuwa akimngoja kitini.

Ndipo habari zikaja: fundi cherehani anahama Jumamosi, anakwenda kuishi kwa kaka yake. Kinyozi alikuwa kwenye U. Na maneno ya U, jamani, hayaishi! Uhakiki, uhalisia, upeo, ushairi, utanzu, utenzi. Akaanza kunyoa bure. Alinyoa ndevu, akanyoa vichwa, akanyoa nyusi za waliokubali. Tarishi alinyolewa asubuhi akarudishwa kitini jioni, kwa madai kwamba kazi haikuisha. Jumamosi ilipofika mtaa mzima uling'aa kama sufuria mpya, na hapakuwa tena na mtu wa kunyoa. Ukurasa ulibaki mmoja.

Nje, cherehani ilikwisha kupandishwa kwenye mkokoteni. Kinyozi akajitazama kwenye kioo. Alikuwa na masharubu yaliyopindwa ncha, aliyoyatunza tangu ujana kuliko alivyolitunza duka. Akajipaka povu, akayanyoa. Kisha, kwa haki yake kamili, akausoma ukurasa wa mwisho.

Lilikuwa tangazo la vitabu vingine vya mchapishaji yuleyule.

Alitoka mbio, povu bado mdomoni, wembe mkononi. Mwenye mkokoteni akaruka pembeni.

"Usiende," kinyozi alisema.

"Nimechoka kungoja, jirani," alijibu fundi. "Miezi yote hii nakusikia ukutani ukizungumza na ndevu za watu. Mimi je?"

"Nilikuwa natafuta maneno. Yamekwisha yote, na hakuna hata moja la kukuambia." Machozi yakamtoka, yakachanganyika na povu. "Nakupenda. Nataka kukuoa. Basi, sina jingine."

Mama yule akamsogelea.

"Na hilo umelisoma ukurasa gani?"

"Halimo."

Fundi akamgeukia mwenye mkokoteni. "Shusha cherehani, baba." Kisha akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta kinyozi povu taratibu, akaguta.

"Masharubu yako wapi?"

"Nimeyasomea."

"Ee Mungu wangu! Na mimi nilipenda masharubu!"

Posa ilikubaliwa palepale barabarani, mbele ya vipara vyote vya mtaa. Harusi ikasubiri masharubu yaote.