Mashua Nyeupe ya Kimemi

Maliro alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala usiku mmoja ukaisha, hapana. Miaka ishirini na miwili alikuwa shofa wa camion, lori la mizigo, kati ya Butembo, Beni na Eringeti, akipeleka chumvi na sabuni, akirudisha mchele na mbao, na ile barabara, yenye watu wa bunduki wanaovizia porini, ilikuwa imemla rafiki baada ya rafiki. Siku hizi akishika usukani asubuhi, mkono wa kushoto ulimtetemeka. Hakumwambia mtu. Lakini Kavira, bibi yake, alikuwa na macho, na mwanamke uliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini utamficha nini?

“Baba Bénite,” alimwambia siku moja, “ile barabara itakurudisha kwangu mu sanduku. Acha. Tutafute kazi ingine.”

Kusema ni rahisi. Mtu wa miaka hamsini na minane, asiyejua kitu zaidi ya gia na breki, nani atamwajiri? Ndipo Syauswa, mdogo wake Maliro anayekaa Kyavinyonge kwenye Ziwa Edouard, alipompigia simu. Mitumbwi ya moteur inameza mafuta, alisema, faida yote inaishia kwenye tanki. Mtu akiwa na mashua kubwa ya tanga, atabeba watu na samaki mpaka Vitshumbi kwa upepo wa bure. Na mashua ya namna hiyo ilikuwepo, tena si ziwani. Ilikuwa Butembo, juu ya mlima, ndani ya parcelle moja, kiwanja cha mtu katika mtaa wa Kimemi!

Cheka ukitaka, hata Maliro alicheka. Wakati wa Zaire, mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliileta mashua hiyo kutoka kwao, akawa anatembea nayo ziwani siku za Jumapili. Alipoondoka, aliiacha kwa mzee mmoja mfanyabiashara. Vita vilipoanza, mzee akaogopa waporaji, akaipakia kwenye camion na kuipandisha mpaka kwake. Huko ikabaki. Mzee akafa, na sasa mwanawe Gamaliel, muuza vipuri, alitaka tu kupata nafasi ya kujenga depo.

Kavira aliuza shamba lake la Kasugho, lile aliloachiwa na baba yake. Hakulia wala hakusita. Pesa yake haikuweza kununua camion, wala duka, wala kitu chochote cha kulisha nyumba. Kwa mashua iliyosahauliwa, ilitosha.

Ijumaa asubuhi Maliro aliegesha camion mbele ya lango la Gamaliel, akaingia na fimbo yake ya chuma mkononi. Mashua ilikuwa imesimama juu ya jante za zamani, vile vyuma vya magurudumu, imeshikiliwa na miti ya mikaratusi huku na huku. Weupe wake ulikuwa umegeuka manjano. Mlingoti ulilazwa kandokando ya ua, umeanikwa nguo za watoto.

“Papa Maliro, angalia chombo!” Gamaliel alisema, jicho moja kwenye simu. “Ni fibre, plastiki ngumu, haiozaka. Hapana kutu, hapana mchwa. Vitanda biko ndani, hata évier ya kuoshea vyombo iko!”

“Na zile nguo ni za nani?”

“Aa, ni badéplacés ba Eringeti, batu ba kukimbia vita. Mama moja na batoto. Nilibaachia balale mule. Ukilipa leo, kesho banatoka.”

Maliro aliishika vizuri fimbo yake. Alianza kazi yake. Sasa lazima ujue kitu kimoja: shofa hugonga matairi kabla ya safari, asikie lipi gumu na lipi linadanganya, na katika Butembo yote hakukuwa na sikio kama la Maliro. Watu walionunua magari ya mitumba walimwita kwanza aje agonge. Akikunja uso, biashara imekufa, na hakuna mwingine atakayeinunua gari hiyo.

Akagonga. Ko, ko, ko. Akazunguka upande wa kuume, akazunguka upande wa kushoto. Mtaka cha uvunguni shurti ainame, naye akainama, akatambaa kati ya jante, akagonga tumbo lote la mashua mpaka kwenye ule mguu mzito wa chuma unaoizuia kupinduka. Sauti ilikuwa moja, ngumu na safi. Yesu wangu, chombo kizima! Alilala pale chini chali, vumbi likimwingia machoni, na akafurahi. Alijiona ziwani, tanga limejaa, hakuna barrière ya kusimamisha magari, hakuna askari, hakuna kona ya kuogopa. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Alipotoka chini, Gamaliel alikuwa ameenda pembeni akibishana na simu yake. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye mlango mdogo wa mashua, akichambua maharagwe.

“Wavukire, papa,” alimsalimia. “Mimi ni Hadassa.” Akaelekeza kidevu langoni. “Ile camion ni yako?”

“Ni ya patron. Mimi naendeshaka tu.”

“Najua yale maandiko iko nayo mbele. TUSICHOKE.” Aliendelea kuchambua. “Ile siku tulikimbia, tulikuwa pembeni ya barabara, karibu na Eringeti. Nilipunga kitenge. Ulipita.”

Maliro alitaka kusema kwamba huko hakuna anayesimama, kwamba kila shofa anajua sheria hiyo, kwamba aliyesimama mwaka juzi alizikwa. Maneno yote yalikuwa ya kweli.

“Nilikuwa na batoto bane,” Hadassa alisema. “Tulitembea siku tano mu pori. Mudogo alishikwa na homa. Sasa bako batatu.”

“Mama…”

“Naelewa, papa. Hata mimi ningekuwa shofa, singesimama.” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Afadhali angemtukana! “Kesho tutatoka, tumezoea. Naomba tu utuachie kipande cha lile tanga liko ndani, tujifunike.”

Gamaliel akarudi, simu mfukoni, anasugua mikono. “Alors, papa? Tunamaliza?”

Maliro alirudi kando ya mashua. Kisha akainua fimbo, akagonga mara tatu mahali pamoja, chini, akatega sikio, na akakunja uso.

“Imeoza.”

“Imeoza? Fibre?”

“Ndani ya fibre kuna mbao. Imelowa maji. Ukiiweka mu ziwa, itazamisha batu.”

Maliro, mzee wa kanisa, mchana kweupe, akadanganya bila kupepesa macho. Gamaliel alijaribu kubisha, akagonga mwenyewe kwa ngumi, akasikiliza, lakini nani katika mji huo atabishana na sikio lile? Akatukana kidogo kwa Kifaransa, halafu akachoka.

“Mais sasa nitaiuzia nani?”

“Hakuna mutu. Hata kuivunja ni kupoteza pesa. Iache balale mule.”

“Donc ikae,” Gamaliel alisema, akarudi kwenye simu yake.

Saa sita Maliro alifika nyumbani. Kavira alikuwa jikoni anasonga bugali.

“Imeoza,” alisema kutoka mlangoni.

Mwiko uliendelea kuzunguka. “Wapi?”

“Chini. Upande wa kuume.”

“Baba Bénite,” Kavira alisema bila kugeuka, “mimi nilienda kuiona Jumatatu. Niliizunguka yote. Niliingia ndani, nikakaa, na ule mama akanipa maji ya kunywa.”

Maliro aliketi kwenye kigoda. “Juu ya nini hukuniambia kuna batu mule?”

“Juu nakujua.”

Akapakua bugali, akaweka mboga ya sombe pembeni, akamnawisha mikono kama kila siku.

“Kesho unatoka saa ngapi?”

“Saa kumi na moja. Tunapakia chumvi ya Eringeti.”

Kavira aliingia chumbani kumtafutia sweta ya safari. Alikaa mule muda mrefu, na Maliro akala peke yake.