Mhusika ni Mama

Usiku huo Fundi hakulala. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, simu mapajani, roho juu, akingoja mdogo wake amjulishe kama binti yake amefika kwake salama. Binti alikuwa ametoka jioni na mkoba mmoja begani, bila kuaga.

Chanzo kilikuwa daftari. Fundi aliishia darasa la nne, na mpaka leo husoma kwa kupitisha kidole chini ya mstari. Alikuwa akitandika kitanda cha binti alipolikuta liko wazi, na jicho lake, lisilopitwa hata na uzi uliolegea, likatua hapo: "Mhusika mkuu: mama, fundi cherehani, miaka hamsini na mbili. Kasoro yake: hutega sikio milangoni."

Neno mhusika alilijua. Alishalisoma mara nyingi kwenye karatasi zinazobandikwa ofisini: mhusika afike bila kukosa, mhusika atachukuliwa hatua. Akaona mwana wa kumzaa mwenyewe anamwandikia mashtaka. Binti aliporudi akamuuliza anayapeleka wapi, na kama tumbo lililombeba nalo litaitwa kutoa ushahidi. Binti akacheka. Kile kicheko ndicho kilichotia moto kwenye makaa. Fundi akalivurumisha daftari ukutani, jalada likachanika. Binti akachukua mkoba, akatoka.

Kulipopambazuka simu ikaita. Mdogo wake alisema mtoto yupo, amelala, macho yamemvimba. Halafu akamweleza taratibu kilichokuwa daftarini.

"Dada, mhusika ni mtu wa kwenye hadithi. Anatunga hadithi, hakushtaki."

"Mtu wa hadithi ana miaka yangu na masikio yangu?"

"Kwani wewe unakata gauni bila kumpima mtu?"

Fundi akakata simu. Akaliokota daftari, akalishona jalada kwa uzi mweusi, ndipo akaanza kusoma yaliyobaki. Yule mama wa daftarini alichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, na alikuwa na kikohozi cha uongo anachokohoa kabla ya kubisha hodi. Yote kweli tupu. Mwishoni pameulizwa: "Kwa nini hutega sikio?" Chini yake mistari mitatu imeachwa wazi.

Akatafuta penseli anayochorea vitambaa. Herufi zilimtoka moja moja, kama mtu anayejichomoa miiba: "Siku mume wake alipoondoka, yeye alikuwa amelala. Hakusikia mlango. Toka hapo halali vizuri."

Mchana binti akarudi. Alimwamkia mama yake kwa sauti ya chini, akalichukua daftari mezani, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Miguu ya Fundi ikainuka yenyewe kuufuata ule mlango, kama ilivyozoea. Akairudisha. Akaketi kwenye cherehani, akatia kipande cha kitambaa kisicho na mwenyewe, akakanyaga kwa nguvu, mradi makelele yamzibe masikio. Akashona mstari, akashona juu yake, akarudia tena.

Kwa hiyo hakusikia kitasa. Alipoinua kichwa mlango ulikuwa wazi, na binti amesimama pale, daftari kifuani, kalamu mkononi.

"Mama," alisema, "huyo mume, siku anaondoka, alivaa nini?"