Rangi Mbichi Kwenye Mkia wa Helikopta

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ilikuwa ya kiangazi, na ziwa lilikuwa jeupe. Watu wa Rumonge mnalijua lile vumbi la kiangazi linalotanda mpaka milima ya Kongo inapotea, na mitumbwi inaonekana kama imetundikwa hewani.

Mnaniona na fimbo yangu, mnaniita Mama Ndege, mnacheka. Chekeni tu. Nilikaa zaidi ya miaka thelathini nikiongoza mafundi wa helikopta za jeshi kule Bujumbura, mimi raia, sina hata nyota moja begani, wote wakiniita chef, yaani mkubwa, na askari wageni wakinipigia saluti kwa kukosea. Siku hiyo nilikuwa na wiki tatu tu tangu nikabidhiwe ukubwa huo. Nilikuwa kijana, tena mwanamke, na niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kufa.

Saa moja asubuhi mafundi walikuwa wakizungusha panga za helikopta kwa mkono, kama tulivyozoea kabla ya kuwasha injini. Nikasikia mlio mdogo upande wa mkia. Ko. Kimya. Ko. Kama mtu anayebisha hodi na hataki kuwaamsha wenye nyumba. Niliwatazama wenzangu. Hakuna aliyeinua uso.

Sasa uijue kazi yetu kidogo. Bolti ikishakazwa, fundi huchora mstari mwekundu unaoanzia juu ya bolti na kuishia kwenye chuma kilichoishikilia. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na hata mwenye haraka ataona. Basi nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha mkia. Mistari yote minne ilikuwa imenyooka. Nikagusa mmoja, kidole kikatoka chekundu.

Rangi ilikuwa mbichi. Na spana ya kupimia mkazo, ambayo bila hiyo bolti haikazwi, ilikuwa bado ukutani, na vumbi la juzi juu yake.

"Umekaza, Nepo?" nilimuuliza fundi aliyeshika kopo la rangi.

"Ndiyo, chef. Zote."

Kanali, mkuu wa kikosi chetu, alikuwa mlangoni anatazama saa yake. Nikafuta kidole kwenye koti, nikasaini daftari.

Kwetu anayesaini ndiye anayepanda safari ya majaribio. Tukaruka, mimi na rubani, Kapteni Desire, tukafuata ufuko kuelekea kusini. Hapakuwa na mpaka kati ya maji na mbingu. Sikuona kama tunakwenda. Ilikuwa kama tumesimama ndani ya maziwa. Kwa kelele za injini huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe, lakini chini ya nyayo zangu nilihisi: ko, ko, ko. Nilijua ni nini. Neno moja kwenye kipaza sauti lingetosha. Nikanyamaza, maana ningelisema ningelazimika kueleza habari ya kidole.

Karibu na Gitaza kule kugonga kukaacha. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha mkia ukaanza kututupa upande.

"Chef, iko nini?"

"Shuka!" nikapiga kelele. "Shuka sasa hivi!"

Tuliangukia ufukweni, wazima, na upepo wa panga ukatawanya ndagala zote, dagaa za ziwani, zilizoanikwa. Nikangoja matusi, nikangoja watoto waje mbio kushangaa. Hakuna aliyekuja. Wanawake walisimama wakitutazama mpaka panga zikatulia kabisa. Ndipo bibi mmoja akasogea.

"Amahoro, mama," nilimwambia. "Mutusamehe ndagala zenu."

"Amahoro. Mumechelewa kushuka."

"Tumechelewa?"

"Hii kitu iko inagonga tangu saa moja ya asubuhi. Sisi wote huku tulisikia. Tulizani munajua."

Saa moja, mwanangu, tulikuwa bado Bujumbura, ndani ya karakana. Nimeuliza mainjinia wanaonizidi akili, nimemuuliza na shehe. Mpaka leo bado nauliza.

Mchana akafika kwa gari Mzee Ramadhani, aliyekuwa mkuu wa mafundi kabla yangu na aliyenifundisha kazi. Akafungua mkia. Bolti mbili hazikuwepo, ziwa limezimeza. Ya tatu ilikuwa inaning'inia, na ya nne peke yake ndiyo iliyoshikilia. Nikaanza kumlaumu Nepo.

"Nepo alikudanganya, kweli," akasema bila kunitazama. "Lakini wewe, binti, hukudanganyika. Ulijua, ukasaini."

Nililia mbele ya wale wanawake. Kesho yake nikamwambia kanali habari ya kidole changu, mafundi wote wakisikia. Hakuna aliyecheka.

Basi wewe utakayepewa kalamu ya kusaini, iwe ya ndege, ya dawa au ya daraja, usiweke jina lako juu ya kitu unachokishuku. Ukisikia jambo, liseme, hata kama wakubwa wote wamenyamaza, wala usijidanganye kwamba wenzako wanalijua. Huenda kila mmoja wao anakungoja wewe. Aibu ya kuuliza inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Ile ya kunyamaza mimi nimezeeka nayo.

Mungu akupe masikio mazima na ulimi usioogopa. Na kila roho itakayosafiri kwa neno lako, airudishe kwao salama. Amina.