Meno ya Mzee na Folda Iliyogoma

Mke wa mwanangu ni fundi wa kompyuta katika hospitali ndogo, na sijawahi kuona mtu mwenye wasiwasi kama yule. Mvua ikichelewa anadhani yeye ndiye aliyesahau kuiwasha. Mimi shule niliiona dirishani tu, nikipita, lakini mambo ya Linux, ule mtambo unaoendesha kompyuta zake, nayajua, maana mkwe hawezi kumeza tonge kabla hajanieleza kazi yake.

"Mama," huniambia, "kila faili inazaliwa na mwenyewe na kundi. Mwenyewe ni aliyeitengeneza. Kundi ni lake pia, labda uagize vingine. Halafu kuna ruhusa: nani asome, nani aandike, nani asisikie hata harufu."

Wiki ile alikuwa ameweka kompyuta mpya ya kutunza picha za eksirei. Kwenye ile ya zamani dada wa mapokezi, tunayemwita Redio, alichungulia picha ya mgonjwa mmoja, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua idadi ya mbavu zake. Mkwe akaapa haitatokea tena. Akakaza: picha ikizaliwa, asome aliyeipiga peke yake.

Siku ya pili yake mume wangu akameza meno. Nilikuwa namsimulia jinsi nilivyomfukuza chui kwa ufagio, akacheka na chai mdomoni, na meno ya bandia ya juu, yenye waya, yakateremka.

Tulipofika hospitali hakuweza kumeza hata mate. Mpiga picha akampiga eksirei. Daktari, ofisini kwake, akaifungua, na kioo kikamjibu: ruhusa imekataliwa.

Mkwe akaitwa. Alipomwona baba mkwe wake ameshika koo, uso ukamwisha damu. Yeye huingia popote kwenye mtambo, kwa hiyo akamfungulia daktari ile picha moja kwa mkono. Waya ukaonekana.

"Nataka nyingine, ya kutoka ubavuni," daktari akasema. "Sijui meno yamekwama njia ya chakula au ya hewa."

Ya ubavuni ikapigwa. Imekataliwa. Mkwe alikuwa amefungua picha moja tu, hakugusa folda, nyumba zinamozaliwa zote.

"Fundi, nikianza kuyavuta nitahitaji picha mpya kila mara. Utakuwa unanifungulia moja moja? Achia folda nzima kwa kila mtu, tuokoe mzee."

Redio alikuwa keshasimama mlangoni, shingo imerefuka kama ya twiga. Mume wangu akamwona. Akamshika mkwe mkono wa blauzi, akatikisa kichwa. Koo limeziba, lakini aibu bado inapumua.

"Baba, nipe muda kidogo," mkwe akasema.

Akaunda kundi, akamtia mpiga picha na daktari. Akaikabidhi folda kwa kundi hilo, akaiwekea alama kwamba kitakachozaliwa humo kifuate kundi la folda, si la aliyekizaa. Akalegeza na ile kanuni aliyoikaza mwanzo: mwenyewe aandike, kundi lisome, wengine wote wabaki nje. Picha zilizokuwamo akazirekebisha vivyo hivyo.

"Jaribu, daktari."

Imekataliwa.

Hapo hata mimi, niliyemkabili chui, nikaanza kutafuta ufagio. Midomo ya mzee ilikuwa inabadilika rangi. Kidole cha mkwe kikaanza kuandika ile amri ya kuachia kila mtu, kikafika nusu, kikasimama.

"Daktari, kwenye kompyuta hii uliingia lini?"

"Mwezi uliopita. Sitoki. Nikitoka nasahau neno la siri."

"Basi inakutambua kwa makundi uliyokuwa nayo siku hiyo. Kundi la leo haijalijua. Toka, uingie upya."

Daktari akatoka. Akaandika neno la siri, likakataa. Akaandika jingine, likakataa. Jasho jembamba likamtiririka.

"Mtu aliyesomea miaka yote hiyo," nikasema, "anashindwa na neno lake mwenyewe."

"Mama, tafadhali," mkwe akasema, huku anamwekea jipya.

Akaingia. Picha ikafunguka pwaa: njia ya chakula, ila meno yamevimbisha nyama, yanabana na ya hewa. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Mkwe akasimama nje, sikio kwenye mlango, akihesabu kwa vidole kila picha mpya ilipopigwa na daktari akasema "ninaiona." Daktari hakusema "imekataliwa" hata mara moja.

Walipomtoa, meno yalikuwa kwenye kibakuli na sauti yake kama ya msumeno.

"Redio ameona?"

"Hajaona, baba."

Mzee akafumba macho. Mkwe akasita, akaondoka mbiombio hadi mapokezi, akamwomba Redio afungue folda ya picha mbele yake. Akarudi na pumzi zimemwisha, akamwinamia sikioni.

"Baba, imemkatalia. Sasa ndiyo hajaona."