Mama Mkanda Apima Kamera Mpya

Mama Mkanda si mtu wa kubembelezwa. Tangu mumewe alipofariki na kumwachia kamera ya mikanda, amepiga video za harusi, misiba na ndondi, na ole wako ukimzibia picha. Mjomba mmoja wa bwana harusi, kalewa chakari, alikuja kucheza mbele ya kamera mara ya tatu. Alizabwa kofi akaketi juu ya keki. Mama Mkanda akaendelea na kazi, wala picha haikutikisika.

Mwenye duka la vyombo vya umeme alimjua vizuri, ndiyo maana alimpa kamera mpya aende akaipime kabla ya kuinunua. Ilikuwa ndogo ya kukaa kiganjani, picha zake kali, na badala ya mkanda ilihifadhi kila kitu kwenye diski iliyomo ndani yake. Mama Mkanda aliigeuzageuza kwa dharau. Alisema diski ni kitu cha kuzunguka, ikipata msukosuko itakwama. Akaamua kuipeleka penye msukosuko wenyewe, yaani ukumbi wa ndondi, siku ambayo mwanawe anapigana.

Mwanawe ni yule kijana tunayemwita Nyundo. Siku hiyo alipangiwa fundi bomba mmoja, jitu la miraba minne. Walipigana kikatili. Raundi ya kwanza fundi bomba alimpasua mdomo. Ya pili Nyundo akamvunja pua, damu ikarukia meza ya waamuzi, na watu wakapanda juu ya viti wakitaka zaidi. Ya nne Nyundo alipigwa ngumi ya sikio akapiga goti, akainuka, akamshindilia mwenzake za tumbo hadi fundi bomba akatapika kwenye kona yake na kutupiwa taulo la kusalimu amri. Kocha wa Nyundo akatangaza hapohapo kwamba pambano lake lijalo ni la ubingwa.

Kesho yake mchana Mama Mkanda aliketi sebuleni, kamera kaiunganisha na televisheni, akaanza kuisaka kasoro. Hakuiona. Haikukwama hata pale mashabiki walipompiga vikumbo. Rangi zilitulia, jasho lilionekana tone kwa tone. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba hakukuwa na habari ya kurudisha mkanda nyuma. Unabonyeza raundi unayoitaka, inakuja. Akaruka kutoka ya kwanza hadi ya nne, akarudi ya pili, akawa anasimamisha picha kila ngumi ilipotua ili aone kama ina ukungu. Furaha ikamkauka.

Ngumi zilizomjia Nyundo kutoka kulia kwake, uso wake ulijikunja kabla hazijafika na kichwa kikakwepa. Zilizomjia kutoka kushoto, macho yalibaki wazi, yametulia tuli, mpaka glavu izame shavuni. Raundi zote hivyohivyo. Mtu akiiona ngumi inakuja atafumba macho tu, hata awe bingwa. Mama Mkanda akaelewa kwamba mwanawe haoni upande ule. Kwenye mikanda ya zamani uso ulikuwa ukungu mtupu. Alikuwa amempiga video mtoto wake akipofuka, huku akishangilia.

Alibeba kamera hadi chumba cha mazoezi. Nyundo alikuwa akipiga gunia, kocha kalishika. Kocha alitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akacheka, akasema vimashine hivi vipya huruka picha, amrudishie mwenye duka. Nyundo naye akadakia kwamba macho yake ni mazima na kwamba mama anataka kumkosesha ubingwa. Alisema hayo akimtazama kocha, si mama yake.

"Kamera nimeipima," Mama Mkanda alisema. "Haina kasoro."

Akaiweka juu ya benchi. Akazunguka taratibu hadi kushoto kwa mwanawe, akakunja ngumi, akamtwanga ya shavu kwa nguvu zake zote.

Nyundo hakukwepa wala hakupepesa. Pete ya mama yake ilimchana chini ya jicho, damu ikachuruzika hadi kidevuni. Aliinua glavu kujikinga, lakini alikinga hewa tu, na ngumi ya pili ikamkuta palepale, na ya tatu. Mama Mkanda alikuwa akipiga na kulia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siku hiyo aliujua hadi kwenye vifundo vya vidole.

Kocha aliliachia gunia, akamshika mama mikono. Kisha akamgeukia Nyundo na kuanza kufungua kamba za glavu zake, moja baada ya nyingine. Nyundo akaketi sakafuni na kumwacha amvue.

"Mama," akasema, "si ungenipiga tu upande wa kulia."